Pua ya Chumba Namba Moja

Hukumu ilisomwa Jumapili baada ya kanisa, kando ya tangi la maji, na aliyeisoma alikuwa amevaa suti. Jambo hilo la suti lilimuuma Lazarus kuliko hukumu yenyewe. Mtu anaweza kuvumilia kufukuzwa nyumba, lakini si kufukuzwa na tai ya zambarau.

"Lazarus," alisema Mzee Simeon Gathogo, mwenye ploti, akiwa ameshika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, "wewe ni mpangaji mzuri. Renti yako haichelewi. Mkeo, Mama Daisy, hana kelele na watu. Lakini hiyo pua yako imeshinda ploti nzima."

Wapangaji wa vyumba kumi na viwili waliguna kwa huzuni kubwa, ile huzuni ya watu ambao jina lililotajwa si lao.

"Mimi sina ubaya na Baba Daisy," alisema Kavetsa wa namba mbili. "Lakini usiku nasikia ni kama lori ya mchanga imeshindwa na mlima. Inavuta, inavuta, halafu inanyamaza. Sasa mimi nakaa macho nikingoja kama itapanda ama itarudi nyuma."

"Buda, noma ni wewe," aliongeza Marvin wa namba tano, mwenye bodaboda. "Ukianza, hata nduthi yangu inataka kujiwasha."

Mzee Simeon aliinua mkono. "Mwisho wa mwezi. Ama pua ipone, ama ufunguo urudi. Hii ni notisi." Akaikunja karatasi na kuitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, kwa kuwa nakala ilikuwa moja tu na hakumwamini mtu kuitunza.

Marvin aliona mlango wa mazungumzo uko wazi akaingiza mguu. "Na choo, mzee? Tumeongea juu ya choo tangu Pasaka. Watu wanapita hapo wakikimbia."

"Choo kina shida gani?" Mzee Simeon alishangaa kwa dhati. "Mimi napita hapo kila asubuhi. Sijawahi kusikia harufu yoyote."

Wapangaji walitazamana. Walikuwa wamekutana na wenye nyumba wagumu Kawangware, lakini ugumu wa kusema uongo huo bila kupepesa jicho ulistahili heshima. Lazarus peke yake hakuguna. Kusema kweli, naye hakuwahi kusikia harufu yoyote.

*

Ieleweke kwamba pua ya Lazarus haikuzaliwa na makosa. Ilikuwa pua ya kawaida, pana na yenye matumaini, mpaka siku moja, miaka kumi na tisa iliyopita, mwenzake kwenye mjengo fulani karibu na Nyayo Highrise alipogeuka na ubao begani bila kusema "jihadhari". Tangu siku hiyo uso wa Lazarus ulielekea mjini na pua ikaelekea Ngong. Tundu la kushoto lilifungwa. La kulia likafanya kazi ya wawili, tena bila malipo ya ziada.

Hakuwahi kujisikia akikoroma, lakini nani amewahi kujisikia? Chumba chake kilikuwa namba moja, cha kwanza kabisa, ubavuni mwa nyumba ya Mzee Simeon. Paa lilikuwa moja: mabati yalianzia juu ya kitanda cha mwenye ploti, yakapita juu ya vyumba vyote kumi na viwili bila dari, yakaishia chooni. Ukipiga chafya namba kumi na mbili, namba tatu wanakutakia afya njema. Kwa hiyo majirani waliposema ngurumo inatoka namba moja, Lazarus alipokea lawama kama mtu anayepokea barua yenye jina lake.

"Wewe hukoromi," mkewe Aoko alimwambia kila mara. "Wewe unapiga mluzi. Kama birika."

Ushahidi huo ulitupwa nje na ploti nzima. Aoko alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kufuata samaki, na ifikapo saa mbili usiku alianguka kitandani kama gunia la saruji. Ungeweza kumpitishia bendi ya shule kichwani. Angejuaje?

Lakini hapo mlangoni mwa ploti, hatua chache kutoka stage ya matatu iitwayo 56, ndipo meza yake ilipokuwa. Miaka kumi na moja alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, mahali pale pale. Watu walishuka kwenye magari wakifuata moshi wake kama nzi. Na meza ilikuwa pale kwa sababu moja tu: aliyekuwa na ufunguo wa ndani aliruhusiwa kuuza nje. Ufunguo ukirudi, meza inafuata, na Daisy aliyekuwa bwenini kidato cha pili angefuata meza.

Ndiyo maana, kadi ya hospitali ya serikali ambayo Lazarus alikuwa ameingoja miezi minane ilipotoa tarehe mwezi ule ule, Aoko alipiga magoti juu ya ndoo iliyopinduliwa akamshukuru Mungu, kisha akapigia chama chake simu kuomba sehemu ambayo bima haikutaka kulipa.

*

Daktari Mideva alikuwa mdogo kwa umri na alikuwa na sura ya prifekti anayejua ni nani aliyevunja kioo. Alichora pua kwenye karatasi.

"Katikati ya pua kuna ukuta. Wako umepinda, umelalia upande wa kushoto."

"Kama kiosk ya Kavetsa," alisema Aoko.

"Tutapitia ndani ya matundu. Hatukati uso. Tunanyoosha ukuta, tunatoa kipande kilichozidi, halafu tunaweka vibao viwili laini vya plastiki vishikilie mpaka ushike. Kama saa moja hivi. Utapewa nusu kaputi, utalala."

"Na nje?" Lazarus aliuliza, akijigusa taratibu. "Nje itanyooka?"

"Nje itabaki ilivyo."

Lazarus aliitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Ila ndani yake kilitoka kitu kidogo, maana tayari alikuwa amejiona kwenye picha, akiangalia kamera na pua ikiangalia kamera vilevile.

"Tuseme ukweli, daktari," Aoko alisogeza kiti. "Kukoroma kutaisha?"

"Kunaweza kupungua. Siwezi kuahidi. Kukoroma kunaletwa na mambo mengi: uzito, koo, pombe. Na wiki ya kwanza, kwa sababu pua imejaa, atapumua kwa mdomo. Kunaweza hata kuzidi."

"Kuzidi?"

"Kwa muda."

Mume na mke walitazamana. Muda wenyewe ndio waliokuwa hawana.

Daktari aliendelea kuwasomea sheria, na zilikuwa nyingi kuliko za bweni. Asipenge kamasi hata kidogo. Akipiga chafya, afungue mdomo wazi. Alale kichwa kikiwa juu. Asiiname, asibebe kitu kizito wiki mbili au tatu. Damu kidogo iliyochanganyika na makamasi ni kawaida siku za mwanzo. Ikimwagika isikome, arudi mbio. Baadaye maji ya chumvi puani. Asikae penye vumbi wala moshi.

"Unafanya kazi gani?"

"Mjengo."

"Na mama?"

"Nakaanga samaki. Hapo mlangoni."

Daktari Mideva aliweka kalamu chini. "Hamna ndugu mahali pengine?"

Ndugu alikuwepo. Alikuwa Aluoch, dada mkubwa wa Lazarus, kule Silanga, Kibera, karibu na bwawa. Ni mwanamke mwenye moyo mpana na chumba cha ziada. Biashara yake ni makaa.

*

Jumanne walimnyima chai tangu usiku, wakamvika gauni lililofungwa mgongoni na ambalo halikufungika, wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu mbele ya mama mmoja wa kanisa lao aliyekuja kupima presha. Lazarus alifumba macho akijifanya maiti, kwa kuwa maiti hasalimiwi. Haikusaidia. "Baba Daisy! Umependeza!"

Kwenye chumba cha upasuaji aliambiwa ahesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Alifika saba. Alipoamka alikuwa na kiu kali na masharubu. Masharubu yenyewe yalikuwa bandeji ndogo iliyobandikwa chini ya pua kunyonya damu. Maumivu hayakuwa mengi. Kichwa kilikuwa kizito tu, na puani alisikia kana kwamba wapangaji wawili wamehamia na makabati yao na hawana mpango wa kutoka. Jioni ile ile alikuwa Silanga, ameegemezwa mito mitatu, na Aluoch amehamishia magunia yote ya makaa kwa jirani.

"Vumbi hakuna," Aluoch alitangaza, akijipangusa mikono myeusi kwenye mto wa tatu.

Alhamisi saa tano Aoko aliingia bila kubisha. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye matanga.

"Jana ulilala wapi?"

Lazarus alionyesha mito.

"Na juzi?"

"Hapa," alisema kupitia mdomo. "Muulize Aluoch. Amenilinda kama mfungwa."

"Alilala hapa," Aluoch alithibitisha. "Akipiga mluzi kama birika."

Aoko alikaa chini polepole. "Basi sikilizeni. Siku mbili nimelala peke yangu, usingizi umekataa kwa sababu ya wasiwasi. Baba Daisy, na bado unakoroma."

"Mimi?"

"Wewe. Kule. Na uko huku."

Aluoch alijishika mdomo.

"Ngoja, haijaisha. Leo asubuhi Mzee Simeon amemtuma Kimanzi." Kimanzi alikuwa msimamizi wa ploti, mtu wa kalamu mbili mfukoni. "Ati umerudi kisirisiri unajificha. Kimanzi ameingia na tochi, saa tatu asubuhi, ameinama chini ya kitanda anakuita, 'Lazarus, toka, hatutakudhuru.' Akapata viatu vyako. Amevipiga picha. Ati ni ushahidi."

Kicheko kilimpanda Lazarus kutoka tumboni, kikafika puani, kikakuta mlango umefungwa. Machozi yakamtoka. "Usinichekeshe," alilia, "daktari amekataza!" Bandeji ikageuka nyekundu kidogo pembeni, na Aluoch akakimbilia maji huku akisema majina ya mababu watatu.

Walipotulia, Aoko alishusha sauti, ingawa Simeon alikuwa mbali nao mitaa mingi. "Usiku nimeweka sikio kwa ukuta. Ule ukuta mwingine. Si wa Kavetsa."

Hakuna aliyeuliza ukuta gani. Namba moja ilikuwa na kuta mbili za kushiriki.

"Waruguru hajawahi kusema?" aliuliza Aluoch.

"Mke wa mzee? Ataanzia wapi?"

"Sasa nani atamwambia mzee mwenyewe?"

Aoko alimtazama Lazarus. Lazarus akatazama dari. Wote wawili wakamtazama Aluoch.

"Mimi?" Aluoch alisimama. "Mimi niko Silanga."

*

Mkutano wa ploti uliitwa Jumamosi saa nane na nusu mchana, ajenda moja: ufunguo. Lazarus alikuja na masharubu yake, mdomo wazi kama samaki wa mkewe, akawekwa kwenye stuli katikati ili kila mtu amwone. Watoto walipewa nafasi za mbele.

Mzee Simeon alikaa kwenye kiti chake cha mikono, juani, akiwa ametoka kula. Na mkewe Waruguru alikuwa amemlisha vizuri: githeri yenye nyama, na maziwa lala juu yake. Waruguru mwenyewe alikaa mlangoni mwa nyumba yake akichagua maharagwe kwenye ungo, kimya kama kawaida.

"Tufungue kwa maombi," alisema Kimanzi.

Kimanzi alikuwa mtu mwema mwenye udhaifu mmoja. Aliombea serikali. Aliombea mvua, kisha akaombea mvua isizidi. Aliombea wagonjwa wa ploti kwa majina, kuanzia namba kumi na mbili kurudi chini. Alipofika namba saba, lori la mchanga lilianza kupanda mlima.

Macho yalifunguka moja moja. Lilivuta. Lilivuta. Likanyamaza. Kavetsa akashika moyo, akingoja kama litapanda au litarudi nyuma. Likapanda. Bati la juu lilitetemeka kidogo, kama kondoo anayemtambua mchungaji.

Lazarus alikuwa macho kabisa, macho yenyewe wazi, makubwa, yenye machozi. Watu wote walimtazama yeye, kisha wakafuata sauti taratibu, kama watu wanaofuata bomba kutafuta mahali linapovuja, mpaka wakafika kwenye kiti cha mikono. Kidevu cha Mzee Simeon kilikuwa juu ya tai.

Utasema nini? Pale palikuwa na watu kumi na wanane wenye ushahidi kamili, na kila mmoja alikuwa na renti ya mwezi ujao kichwani. Marvin alifungua mdomo, akafikiria, akaufunga. Kimanzi, aliyekuwa bado amefumba macho, alimwombea Lazarus apunguziwe ngurumo hiyo tunayoisikia hata sasa, Baba.

Hapo ndipo kicheko kilipomrudia Lazarus. Alikizuia. Kilipozuiwa kikageuka mwasho. Mwasho ukawa chafya, na Lazarus, mgonjwa mtiifu, akakumbuka agizo la daktari na kufungua mdomo wote.

Kuku waliruka. Mzee Simeon aliamka na mkoromo wake bado uko njiani, akaumalizia akiwa macho, akasikia kipande cha mwisho kwa masikio yake mwenyewe. Alisimama kwa ushindi, kidole kikimwelekea Lazarus.

"Mmesikia? Mmesikia wenyewe! Mchana kweupe! Akiwa amekaa!"

Mtoto mmoja wa Kavetsa alianza kusema, "Lakini guka ndiye..." akimwelekezea mzee kidole, na mkono wa mama yake ukamfunika uso mzima.

Aoko alisimama. Alishika mwiko wa kugeuzia samaki, maana alikuwa ametoka nao mezani kwa haraka. "Mzee," alianza, "kwa heshima..."

"Keti, Mama Daisy," ilisema sauti nyuma. Waruguru alikuwa ameweka ungo chini. "Usijiharibie meza. Baba Shiru, hiyo ni yako."

"Yangu gani?"

"Hiyo ngurumo. Ni yako tangu harusi."

Mzee Simeon alicheka kidogo, akatafuta wa kucheka naye, hakumpata. "Mama Shiru, unasema nini mbele ya watu?"

"Nilikuambia tukiwa wawili, mwaka ule Shiru alizaliwa. Ulinuna ukaenda kukaa kwa ndugu yako wiki mbili. Wakakurudisha wao wenyewe, kwa pick-up."

"Lakini ni wewe uliniambia ni huyu! Kila nikiamka nikiuliza ni nani huyo anapiga kelele..."

"Nilinyoosha kidole kwa ukuta," alikubali Waruguru. "Nilikuwa nataka kulala." Kisha akamgeukia Lazarus, na uso wake, uliozoea kimya, ulikuwa na aibu kweli. "Baba Daisy, nisamehe. Sikujua angekuandikia barua. Na sikujua ungekubali kupasuliwa."

Mzee Simeon alibaki amesimama. Alirekebisha tai. Aligusa mfuko wa ndani wa koti, karatasi ilipo, akaondoa mkono.

"Mkutano," alisema, "umeahirishwa."

"Bado sijasema amina," alinong'ona Kimanzi.

*

Jumanne iliyofuata Daktari Mideva alivitoa vile vibao. Alivuta kimoja, na Lazarus akadhani kinatoka na ubongo. Akavuta cha pili, akawa na uhakika. "Vuta pumzi," aliambiwa. Hewa iliingia kwa matundu mawili, baridi, mpaka nyuma ya kichwa, kama mtu amefungua dirisha ambalo Lazarus hakujua liko nyumbani kwake. Aliona haya kulia mbele ya prifekti, lakini machozi hayakuomba ruhusa.

Walishuka 56 mchana. Mlangoni mwa ploti Lazarus alisimama ghafla.

"Aoko. Kuna kitu kimekufa hapa?"

"Ni choo."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

Harufu nyingine zilichukua wiki kurudi, moja moja, kwa adabu. Hiyo haikungoja. Usiku huo Lazarus alijifunika blanketi hadi machoni, akafikiria juu ya wanaume wawili wa ploti ambao kwa miaka yote hiyo hawakusikia kitu.

Jumatano saa nne, wakati ploti imeenda kazini, Mzee Simeon alikuja namba moja bila suti, amevaa sweta, kofia mkononi. Alikataa kiti, kisha akakikalia.

"Unaendeleaje?"

"Naendelea, mzee. Asante."

"Mama Shiru amelala kwa Shiru siku nne." Alizungusha kofia. "Lazarus. Hiyo kitu inauma?"

Lazarus alijua kwamba maishani mwake hatapewa tena nafasi kama hii, na kwa sekunde chache alitafakari uongo wa kila aina. Alifikiria nyundo. Alifikiria msumeno. Lakini mlangoni Aoko alikuwa akikaanga, na meza ilikuwa mahali pake.

"Haiumi sana, mzee. Inaudhi. Kwanza lazima daktari aangalie. Huenda yako si ukuta, huenda ni kitu kingine. Mimi si daktari. Mimi ni shahidi."

"Ngoja niandike." Mzee Simeon alipapasa mifuko ya suruali, akapata karatasi moja tu, iliyohama kutoka kwenye koti. Aliikunjua, akaona maneno yaliyokuwa upande wa mbele, akaigeuza haraka akaiweka gotini. "Sema."

"Wanakulaza. Ukiamka una masharubu."

Mzee aliandika *masharubu*.

"Siku saba unapumua kwa mdomo. Usipenge kamasi. Chafya, mdomo wazi."

"Hiyo niliona."

"Lala na kichwa juu. Usibebe mzigo. Usicheke sana."

"Hiyo si shida."

"Na sura haibadiliki, mzee. Nje unabaki vile ulivyo."

Mzee Simeon alijigusa pua, naye pia akionekana kuaga picha fulani. "Na nikipona? Nitaona mabadiliko gani?"

Lazarus alitazama kule mwisho wa ploti, mabati yanapoishia.

"Mengi, mzee. Kuna mambo ya ploti hii ambayo hujawahi kuyajua. Utayajua yote siku moja, asubuhi, ukipita tu."

"Mambo mazuri?"

Lazarus alivuta pumzi ndefu kwa pua, kama mtu anayeonyesha viatu vipya, na akajuta papo hapo.

"Enda haraka, mzee," alisema, akiziba pua kwa vidole viwili, taratibu, kama alivyoagizwa na daktari. "Enda hata kesho."

Mzee Simeon aliandika *kesho*, akapiga mstari chini yake mara mbili.